Ngoma Iliyomsifu Kishindo

Fundi alipoivua ringi ya ngoma ile, kitu cha kwanza kumwangukia gotini kilikuwa ganda la karanga. Cha pili kilikuwa ganda lingine. Cha tatu hakukitambua mara moja: kilikuwa cheusi, kimekauka, kina miguu, nacho kimejilaza juu ya sponji kama mgonjwa juu ya godoro. Mende. Alikuwa amekufa siku nyingi, na jasho la mpigaji lilikuwa limemgandisha pale kama stempu kwenye bahasha.

Fundi alimng'oa kwa kibano, akageuza uso, akamtupa kwenye mfuko wa plastiki. Kila Alhamisi mchana alikuja ukumbini na mfuko wake. Mafundi wenzake hubeba bisibisi na nyaya; yeye aliongezea mfuko wa taka, sabuni ya maji, miswaki miwili chakavu na glavu za mpira, kwa sababu kinyaa alizaliwa nacho. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hata ziwa alilikagua kabla ya kunyonya.

Jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Walimwita Robo, kwa namna alivyokaza ngoma. Ngoma za umeme hazina ngozi ya mnyama. Zina wavu mgumu unaovutwa na skrubu sita. Chini ya wavu kuna sponji, na chini ya sponji kuna sensa inayosikia kipigo na kukipeleka kwenye kisanduku cha sauti. Fundi mwenye haraka hukaza skrubu moja mpaka mwisho, kisha huhamia ya jirani, na wavu huvutika upande kama mdomo wa mtu anayeumwa jino. Yeye aliuzungusha ufunguo robo tu, akahamia skrubu inayotazamana na ile, robo, akarudi, robo, huku akinong'ona peke yake, "Robo. Robo tena. Robo." Kisha alibonyeza katikati kwa dole gumba na kufumba macho. Dole lile lilikuwa halidanganyiki. Shule aliishia darasa la saba, na hesabu yote iliyombakia ilikuwa ya robo.

Ngoma ikishakuwa sawa, alichukua kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa penseli tarehe, robo alizokaza na namba ya wepesi wa sensa, yaani ngoma ikuze kipigo kwa kiasi gani. Akakibandika chini ya tumbo la ngoma. Ngoma zote za ukumbi ule zilikuwa na plasta moja moja. Ile ya mkono wa kushoto, ile inayolia "pa!" katikati ya mdundo, ilikuwa na plasta kumi na moja, moja juu ya nyingine, kama kidonda kisichotaka kupona.

Plasta hizo zilimtia kinyaa kuliko mende.

Mpigaji wa ngoma hizo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na jukwaani aliitwa Kishindo. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe kabatini. Alikula karanga akipiga. Alikula hata kuku akipiga, mkono mmoja umeshika mdundo, mwingine umeshika paja. Alipenga kamasi kwenye kitambaa cha bluu, akakitundika kwenye stendi ya matoazi ya shaba, kikabaki kinapepea kama bendera ya nchi isiyo na maji. Na salamu ya mbali hakuikubali. Lazima akushike mkono, auminye, autikise, na kiganja chake kilikuwa na maji hata wakati wa baridi. Kwa miaka ishirini na miwili Robo alikuwa akiutoa mkono wake kama mtu anayetolewa damu, kisha akienda kutafuta bomba.

Miezi tisa nyuma Kishindo alipata kiharusi. Kidogo, walisema madaktari, kana kwamba anayeanguka bafuni huuliza ukubwa. Mkono wa kushoto ukalegea. Alilazwa wiki tatu, akatoka na mpira mdogo wa rangi ya chungwa aliopewa na mama wa mazoezi pale hospitali. Aubane mara mia asubuhi na mara mia jioni, mwaka mzima, asiruke siku.

"Mkono ni kama mwanafunzi," yule mama alimwambia. "Usipoupa kazi, unasahau yote."

Siku ya kwanza aliporudi ukumbini, mkono wa kulia ulipiga kama zamani, na wa kushoto ukapiga kama kobe anayebisha hodi. Watu wa bendi walitazama viatu vyao. Kesho yake dada mtu alimjia Robo kwenye kibanda chake cha ufundi, akakaa juu ya redio mbovu, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mdogo wangu, mwenzangu halali. Hali. Hata kucheka amesahau. Kwenye hivyo visanduku vyenu hakuna kitu cha kumtia moyo? Kidogo tu?"

Kilikuwepo. Namba ya ngoma ile ilikuwa kumi na mbili, na mwisho wake ni thelathini na mbili. Alhamisi iliyofuata Robo aliipandisha mpaka kumi na nne, akaukaza wavu robo moja zaidi ili kijiti kidunde chenyewe. Kishindo akapiga, akasikia, akatabasamu kama mtoto aliyeota jino. Mara nyingine ikawa kumi na tano. Halafu kumi na saba. Mkono ulibaki palepale, ngoma ndiyo iliyokuwa ikimfuata. Robo moja ya huruma haimwui mtu. Ila zilikuwa nyingi, na sasa plasta ya juu ilisomeka ishirini na tisa. Aliyejua ni dada yake, na yeye mwenyewe. Na yule mende, labda.

Jumamosi iliyopita mambo yaliharibika. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mstaafu. Bendi ilikuwa imepumzika, Kishindo ameshuka kufuata kuku, hakuna mtu kwenye ngoma. Mstaafu alipanda jukwaani na fimbo yake.

"Ndugu zangu," akasema, akagonga fimbo sakafuni.

"Pa!" ikajibu ngoma.

Mzee akatazama nyuma. Hakuona mtu. "Nilipoanza kazi," akaendelea, akagonga.

"Pa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee wa watu alidhani anafanyiwa dhihaka. Akaikunja hotuba ya miaka arobaini na kwenda kukaa, na wajukuu zake walicheka hadi wakafukuzwa nje.

Kishindo aliwaambia watu ni panya. Lakini mwenye ukumbi, mwanamke mkavu ambaye kila mtu alimwita Madamu, alimpigia Robo simu asubuhi yake.

"Fundi, ngoma yangu inapigwa na nani?"

"Ni sensa, Madamu. Imekuwa nyepesi mno. Inasikia hata sakafu."

"Alhamisi iwe nzito," akasema, akakata.

Robo alilipindua jambo hilo kichwani kila upande. Angeweza kuiambia ngoma ipuuze vipigo vidogo kama vya fimbo ile. Tatizo ni kwamba ingempuuza na Kishindo. Fimbo ya mzee iliyopita kwenye mbao za jukwaa na mkono wa kushoto wa Kishindo vilifika kwenye sensa vikiwa na nguvu ileile.

Mchana wa siku hiyohiyo, Jumapili, alikuwa amealikwa chakula kwa dada yake. Kishindo alimlaki mlangoni, akamdaka mkono. Maji.

"Shemeji! Fundi wa robo! Ingia umwone mwanaume aliyekipiga kiharusi mweleka!"

Mezani alizungumza peke yake. "Waliniambia mwaka. Mwaka mzima! Mimi nimemaliza kwa miezi mitatu. Yule mama wa mazoezi ananipigia simu kila mara. Nikamwambia, mama, njoo Jumamosi usikilize mwenyewe, halafu nenda kawabanishe mipira wagonjwa."

Robo alitafuna na kutazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama paka. Dada yake ndiye aliyemmenyea mume chungwa. Kifungo cha shati kilipofunguka, dada yake ndiye aliyekifunga. Mara moja Kishindo alijisahau, akachukua kikombe kwa kushoto, kikamponyoka, na chai ikamwagikia suruali ya Robo.

"Kikombe kina mafuta," akasema. Akachovya kidole kwenye chai iliyotapakaa mezani, akakinyonya, isipotee bure.

Robo aliinama kuifuta suruali, na chini ya kochi akauona mpira. Rangi ya chungwa ilibaki upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umetafunwa, na mate ya mbwa yalikuwa yamekaukia pale pamoja na manyoya, vumbi na kipande cha kitu ambacho hakutaka kukijua.

"Shemeji, huu mpira..."

"Huo nimempa mbwa. Yeye ndiye mgonjwa siku hizi!" Kishindo akacheka mpaka punje ya wali ikaruka na kutua ukingoni mwa sahani ya mgeni.

Robo hakuitazama punje ile. Kichefuchefu kilikuwa kinampanda kutoka tumboni, polepole, robo kwa robo, na hakikutokana na wali wala mbwa. Mkono ule haukupewa kazi. Ungepewa kazi ya nini, ikiwa kila Jumamosi ngoma inauambia kwamba umepona? Alidhani anampa mtu moyo, kumbe alikuwa anamnyang'anya mkono, tena kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Alimfuata dada yake jikoni.

"Ameacha mazoezi tangu lini?"

"Miezi mitano sasa. Nikimkumbusha ananiambia nisikilize ngoma."

"Na wewe ukanyamaza."

Dada yake alisugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. "Nilimwona anacheka."

"Nitaishusha."

"Polepole basi, mdogo wangu. Robo robo, kama ulivyopandisha. Asijue."

Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakizunguka kwenye tundu la sinki, ya kijivu, yana ukoko. Robo aliyaangalia mpaka yakaisha. "Miezi minane nimemdanganya kwenda juu," akasema. "Sasa nimdanganye na kurudi chini? Nimechoka kunawa, dada."

"Utamwambia wewe? Wewe ambaye kinyozi akikuharibu kichwa unamwambia asante?"

"Nitamwambia." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Ndiyo maana Alhamisi hii aliifungua ngoma yote, akamtoa mende, akasugua ringi kwa mswaki mpaka maji yakawa rangi ya chai. Akaurudisha wavu, robo na robo, akaacha ulegee mpaka dole gumba likaridhika. Kwenye kisanduku akaishusha namba: kumi na mbili. Akapiga kisigino sakafuni, ngoma ikanyamaza. Kisha akabandua plasta zote kumi na moja, gundi ikimnata vidoleni kama ute, akazipanga juu ya kiti cha mpigaji kwa tarehe.

Kazi ya Madamu ilikuwa imekwisha. Kishindo angefika saa kumi, angepiga, angeilaumu sensa, angepiga simu, na kwenye simu mtu anaweza kusema lolote. Mlango ulikuwa wazi. Robo alikaa juu ya spika, akasubiri huku mikono yake ikiwa magotini.

Kishindo alikuja na kifuko cha karanga. "Shemeji! Ngoma imeiva?" Akanyoosha mkono. Robo akampa wake. Maji, na leo na chumvi.

"Usikalie hizo. Ni za kusoma."

"Plasta? Nani ameumia?"

"Soma, shemeji. Anza kushoto."

Kishindo aliinama, akasoma kwa sauti. "Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na saba... Ndiyo nini hii? Unacheza bahati nasibu?"

Maneno yote aliyoyapanga tangu Jumapili yalimkimbia Robo kama vifaranga waliomwona mwewe. "Kumi na mbili ndiyo ngoma yako ya zamani. Ishirini na tisa ni... ni ile iliyopigwa na fimbo ya mzee. Hakukuwa na panya. Mkono haukupanda, shemeji. Nilipandisha mimi."

Kishindo alikuwa anatafuna. Akaacha.

"Unasema nini wewe?"

"Iko kumi na mbili sasa. Piga kwa kushoto."

Kishindo alizifagia plasta kwa kiganja, akakaa, kiti kikalia. Akakipachika kijiti kwenye mkono wa kushoto kwa msaada wa kulia, kama mtu anayemvisha mtoto kiatu. Akapiga. Spika zikatoa sauti ya mlango wa kabati lililojaa nguo. Akapiga tena, akiuma meno. Mara ya tatu ngoma haikusema kitu kabisa. Kilichosikika ni kijiti kikavu juu ya wavu.

"Umeiharibu."

"Piga kwa kulia."

Alipiga kwa kulia. "PA!" Vioo vya madirisha vikatetemeka. Hapo Kishindo akabaki ameshika vijiti viwili, akivitazama kama mtu aliyepewa viatu vya miguu miwili ya kushoto.

"Nani alikutuma? Mke wangu?"

"Mwandiko ni wangu."

"Mshenzi wewe!" Kishindo akasimama, kitambaa cha bluu kikaanguka. "Miezi minane! Nasimama mbele ya watu nikisema nimepona, na wewe uko nyuma ya spika na glavu zako, unanitazama! Unadhani sijui unavyonitazama? Miaka yote hii ukinipa mkono unakwenda kunawa. Unadhani mimi kipofu? Unanionea kinyaa, halafu unanihurumia, halafu unanitengenezea ngoma ya watoto!"

Vipande vya karanga vilimrukia Robo shavuni. Hakuvifuta. Alikuwa ameona aibu maisha yake yote kwa mambo madogo, na sasa aibu kubwa ilipokuja, akakuta inabebeka.

"Ndiyo," akasema. "Nanawa. Unaloa kama chura, shemeji. Na karanga zako zinaingia kwenye sensa, leo nimetoa mende. Lakini mpira ulimpa mbwa kwa sababu yangu. Hicho ndicho kinachonitapisha. Si wewe."

Kishindo akakivuta kiti kwa mguu. Akakaa. Alijaribu kukunja ngumi ya kushoto, na vidole viwili vya mwisho vikachelewa, vikaja vikijikokota kama wazee nyuma ya msafara. Aliwatazama wazee wale.

"Yule mama alisema mwaka," akanena. "Imebaki miezi minne."

"Minne."

"Na mpira umeliwa."

"Nimeuona."

Kishindo akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya ngoma, kiganja juu. "Lete vidole."

"Vipi?"

"Lete vidole, fundi wa robo! Uchafu huu umeutengeneza wewe. Utabanwa wewe."

Robo akakitazama kiganja. Kiling'aa. Kwenye mikunjo yake kulikuwa na ngozi nyekundu ya karanga, na chini ya kucha kitu kilichokuwa na umri. Glavu zilikuwa palepale juu ya mfuko, hatua moja. Aliziangalia, akaziacha. Akatoa vidole viwili, akavilaza pale kama mtu anayelaza samaki sokoni.

Kiganja kikafunga. Kilikuwa cha moto, kinateleza, na nguvu iliyokuwemo ndani haikuzidi ya mtoto mchanga anayeshika kidole cha shangazi.

"Moja," akasema Robo.

"Mshenzi."

"Mbili."

"Mnafiki."

"Tatu."

"Mla sabuni."

Kufika arobaini matusi yalikuwa yamekwisha, Kishindo akaanza kuyarudia tangu mwanzo. Sitini, jasho lilikuwa linashuka kutoka kwenye kiwiko chake na kudondokea goti la Robo, tone moja kwa kila hesabu. Robo alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Sabini na tano," akasema Kishindo mwenyewe.

"Hiyo sikuisikia. Rudia."

"Nimebana!"

"Sikuisikia."

Kishindo akatazama juu kwa hasira, shingo imejaa mishipa. "Sensa gani wewe? Uko namba ngapi?"

"Kumi na mbili."

Kishindo alitoa sauti ambayo ilikuwa inaelekea kwenye kicheko ikabadili njia. Akarudia. Safari hii ilisikika.

Walipofika mia, Robo alivitoa vidole. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vilivyokaa majini.

"Nenda kanawe," akasema Kishindo bila kumtazama. Alikuwa anaokota plasta sakafuni, kwa kushoto, na ya kwanza ilikuwa imemponyoka mara mbili. "Nenda tu. Najua unakufa."

"Ninakwenda."

"Na jioni?"

"Jioni nitakuja nyumbani. Wewe nawa kwanza."

Bomba lilikuwa nyuma ya ukumbi. Robo alipaka sabuni, akasuuza, akapaka tena, akasuuza, akapaka mara ya tatu mpaka kwenye viwiko. Akanusa. Karanga. Akapiga hesabu: miezi minne, mara mbili kila siku, mara mia. Akatema mate kwenye sinki, kisha akaisugua sinki yenyewe, maana nayo ilikuwa chafu.